Mjane wa Irabu Fupi

Nchi ya Tambarare haimo katika ramani, na waliokwenda kuitafuta wamerudi wakisema wamepita mahali pengi panapofanana nayo. Iliitwa hivyo kwa sababu Mtukufu Rais wake, aliyekuwa mfupi wa kimo, alivifuta vilima vyote kwa amri. Vilima vyenyewe vilibaki palepale, ila mtu aliyepanda kimojawapo hakuruhusiwa kuhema.

Watu wa nchi hiyo walikuwa na irabu tano walizorithi kwa mababu: a, e, i, o, u. Kwa hizo tano walioana, walizikana, walisutana uani na kubembelezana chumbani, na haikupata kusikika hata mara moja kwamba mtu amekwenda kwa jirani kuazima ya sita.

Siku moja Mtukufu akaalikwa ng'ambo, kwenye mkutano wa mataifa makubwa. Akasimama kuhutubia kwa Kiingereza. Alikusudia kusema kwamba watu wake wanataka kuishi, neno live, ambalo irabu yake ni fupi, ya kudokolewa tu. Yeye akaivuta. Likatoka leave, kuondoka. Wenyeji wake wakasikia kwamba taifa zima linataka kuondoka, na kwa kuwa walijua watu wakiondoka huko huelekea wapi, waliagiza seng'enge ya kuzungushia pwani yao yote kabla hajamaliza hotuba.

Mtukufu alirudi nyumbani amefura. Akazungumza redioni kwa sauti ya mzazi aliyeumizwa.

"Ndugu wananchi, mmeniaibisha. Ulimi niliokwenda nao ni wenu. Mimi niliubeba tu."

Ndipo ikaundwa Wizara ya Irabu. Wataalamu waliletwa, wakazihesabu irabu za Kiingereza, wakapata kumi na mbili. Wengine wakasema zinafika ishirini ukijumlisha zile zinazoanzia huku na kuishia kule. Waziri akaahidi kwamba kila kaya itafikishiwa irabu zake zote. Visima vilikuwa vimekauka mwaka ule, lakini ilielezwa kwamba maendeleo huja kwa mpangilio. Hospitalini watu wakaamriwa kueleza maradhi yao kwa Kiingereza. Mzee mmoja alisema anaumwa na moyo, ila kwa jinsi alivyoitamka irabu yake, heart likasikika hat, yaani kofia. Akapewa kofia. Alizikwa nayo, na baada ya mazishi familia ikatakiwa kuirudisha.

*

Kidawa Pazi alikuwa mwalimu wa watoto wadogo katika mji wa Magomani, mwanamke mrefu, mpole, mwenye sikio jepesi. Alipopelekwa kozi alirudi na irabu zote kumi na mbili, akawa anazigawa darasani kama karanga. Alimshika mtoto kidevu, akamvuta midomo pembeni: hapo ni cat, paka. Akailegeza midomo, sauti ikakatwa: cut, kukata. Akamwambia afungue koo na kuirefusha sauti: cart, mkokoteni. Watoto walicheka, naye alicheka nao. Kusema kweli aliipenda kazi ile. Alijisikia kama mtu aliyegundua kwamba nyumba aliyoishi miaka yote ina vyumba asivyowahi kuvifungua.

Mumewe, Shomvi, alishona magodoro ya sufi. Nyuzi za sufi hazikumwisha nywelani, hivyo alionekana mzee kila siku mpaka achane nywele, ndipo arudie umri wake. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Mkewe alipomkalisha barazani kumfundisha, alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza:

"Kidawa, hii i yetu ya nyumbani ina kasoro gani?"

"Haina kasoro. Ni kwamba wenzetu wana mbili, moja fupi na moja ndefu. Yetu imekaa katikati."

"Basi waje wao katikati. Sisi tumeshafika."

Kidawa alimpiga kofi la begani, wakacheka, na somo la siku ile likaishia hapo. Baadaye alikuja kulikumbuka kofi lile na kicheko kile, na jinsi jua lilivyokuwa bado juu na walivyokuwa na nafasi ya kuendelea.

Mtihani ulifanyika katika Ukumbi wa Ndimi. Msimamizi wake alikuwa Dakta Tindo Mabruki, Mkuu wa Irabu wa Wilaya, mtu mnene aliyevaa suti ya sufu nzito katika joto la kuivisha mayai. Kila mwananchi aliulizwa swali moja tu kwa Kiingereza: je, unataka kuishi au kuondoka? Kidawa aliitwa asubuhi, akajibu kama ndege, akapewa cheti. Shomvi aliitwa alasiri. Alisimama wima, akatamka live kwa ile i moja aliyokuwa nayo duniani.

Dakta Tindo aliinua macho. "Amesema anataka kuondoka."

"Nimesema nataka kuishi, mheshimiwa," Shomvi alisema.

Lakini hayo aliyasema kwa lugha ya nyumbani, na ukumbini humo lugha ya nyumbani haikuwa ikisikika. Dakta alipiga muhuri, akamwita mwingine.

*

Isidhaniwe kwamba Tambarare ilikuwa nchi katili. Haikumfunga mtu kwa ajili ya irabu, wala haikumpiga. Ilimwacha tu. Mtu akisema anaondoka, serikali iliheshimu uamuzi wake na kumchukulia kuwa ameshaondoka. Tangu hapo aliitwa Mwondokaji. Hakuuziwa, hakikununuliwa kitu kwake, hakupewa nafasi kwenye foleni. Kumwamkia lilikuwa kosa la kusalimia hewa. Kulitaja jina lake lilikuwa kosa kubwa zaidi.

Kidawa akatangazwa mjane. Serikali, ambayo iliwajali sana wanawake, ilimpa likizo ya kukaa eda, na kwa kuwa aliishi nyumba moja na mumewe, alikaa eda huku mumewe akimchotea maji.

Dakta Tindo alikuja mwenyewe kutoa mkono wa pole, akifuatana na katibu wake. Jirani wa karibu, Mama Sikitu, muuza vitumbua, alikuwepo, na wanawake wengine wawili. Dakta alikaa, akajifuta jasho, akasema:

"Mwalimu Kidawa, serikali imesikitika. Mwondokaji wako alikuwa mchapakazi. Amekwenda alikokuchagua mwenyewe, kwa hiari yake, kwa irabu yake. Nasi tunabaki tukijiuliza ni nini alichokosa hapa."

Shomvi alitoka jikoni na sinia ya kahawa. Aliinama mbele ya Dakta, akamimina. Dakta alikipokea kikombe huku macho yake yakiwa ukutani, akanywa, akasema kahawa ya nyumba hii ina tangawizi ya kutosha.

"Karibu tena, mheshimiwa," Shomvi alisema.

"Kuna upepo," Dakta alimwambia katibu wake. Katibu akainuka, akafunga dirisha.

Mama Sikitu aliinamisha uso ndani ya kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Wanawake wenzake nao walibana midomo. Wageni walipoondoka, wote walicheka mpaka wakashikana mbavu, na Shomvi alicheka kuliko wote. Siku zile za mwanzo Magomani nzima iliuchukulia msiba ule kama mchezo. Watu walipishana na Shomvi njiani wakimkonyeza. Waliagiza magodoro kwa kuusemesha ukuta wa duka lake, na asubuhi walikuta godoro mlangoni.

Kisha watu wakaanza kuchoka kukonyeza. Hakuna aliyeamua. Mtu alikonyeza leo, kesho akasahau, keshokutwa hakukumbuka kwamba amesahau. Ukuta wa duka ukaacha kusemeshwa. Shomvi alipita sokoni akasukumwa begani na mbeba gunia, na mbeba gunia hakugeuka kuangalia amegonga nini. Siku moja Mama Sikitu alikuja kuazima kinu. Shomvi alikuwa amekaa kizingitini. Mama Sikitu alimruka kama anavyorukwa paka aliyelala, akaingia, akatoka na kinu, akamruka tena. Usoni mwake hapakuwa na kicheko hata chembe.

"Ameniogopa," Shomvi alisema.

Kidawa aliuona uso wa Mama Sikitu vizuri, na haukuwa uso wa mtu aliyeogopa.

*

Eda ile ilikuwa ndefu, wakaitumia kwa kujifunza. Sasa Shomvi hakutania tena. Alikaa mbele ya kioo cha mkewe tangu alfajiri, akitamka. Kidawa alimwekea vidole kwenye mashavu.

"Usivute. Ukivuta umeshaondoka. Dokoa, uiache."

"Leave."

"Hiyo ndefu."

"Leave."

"Bado, mume wangu. Legeza taya."

Alilegeza. Alijaribu akiwa amekula na akiwa na njaa, akiwa amelala chali, akiwa na maji mdomoni. Mkewe alimsikia mchana kutwa chumbani akiliita neno lile, anaondoka, anaondoka, anaondoka, kama mtu anayesukuma mlango unaovutwa.

Na sauti yake ilipungua. Zamani alikuwa akikohoa kidogo kabla ya kuingia chumbani, tabia ya kiungwana aliyofunzwa na baba yake. Akaacha kukohoa. Akaacha kuburuta kandambili. Kidawa aligeuka mara nyingine akamkuta amesimama nyuma yake, sufi nyweleni, amekuja zamani.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema."

Alasiri moja mvua ilikuja na upepo. Kidawa alikimbia akafunga madirisha, akafunga mlango na komeo, akaketi kusahihisha madaftari ya watoto aliyoletewa nyumbani. Mvua ilipokatika alifungua mlango ili hewa iingie. Shomvi alikuwa amesimama barazani, amelowa mpaka kwenye mifupa, mikono imemning'inia.

"Shomvi. Kwa nini hukugonga?"

"Nilikuona dirishani ukilifunga. Uliniangalia. Nikadhani ndiyo uamuzi."

Kidawa alimwingiza ndani, akamkausha kwa kanga zake mbili, akambadilisha nguo. Kisha akaenda jikoni kumpakulia, akafunua sufuria. Ndani palikuwa na wali wa mtu mmoja. Alisimama na kifuniko mkononi, akijaribu kukumbuka ni lini alianza kupika hivyo, na hakukumbuka. Alimpakulia wote. Alimtazama akila, bila kupepesa macho, kila tonge, kama mlinzi.

Usiku ule na mchana uliofuata hakumwachia kidevu chake. Na siku hiyo, iwe ni kwa homa iliyomlegeza taya au kwa rehema ya Mungu, Shomvi alifungua mdomo akasema live, fupi, safi, imedokolewa ikaachwa.

"Rudia."

Akarudia. Walitazamana kama watu waliookota kitu cha thamani njiani na wanaogopa mwenyewe atatokea.

*

Walikwenda Ukumbi wa Ndimi pamoja. Dakta Tindo alikaa meza kuu, kulia kwake katibu, kushoto kwake mjumbe mmoja kutoka wizarani ambaye hakutambulishwa. Kidawa aliomba mume wake asikilizwe upya.

"Sheria iko wazi, mwalimu," alisema Dakta kwa upole. "Aliyeondoka hawezi kuja kukata rufaa. Akiweza kuja, maana yake hakuondoka. Na kama hakuondoka, hana sababu ya kukata rufaa. Serikali imeliangalia jambo hili kutoka pande zote."

"Amekuja, mheshimiwa. Amesimama hapa. Msikilizeni."

Shomvi alisogea mbele. Akaweka mikono nyuma, akasema neno lake. Lilitoka zuri kuliko la nyumbani. Kidawa alifumba macho kwa fahari.

Katibu alitazama madirisha kuona kama yamefungwa.

Kidawa aliwaangalia wanaume wale watatu mmoja mmoja. Hawakuwa wakijifanya. Kwa miezi yote alijipa moyo kwamba wanajifanya.

Basi akaamua. Kila mwananchi alikuwa na haki ya kupimwa tena akitaka, na yeye alitaka. Kama Shomvi hakuweza kurudishwa, yeye angemfuata aliko. Waliokuwa upande ule angalau wangeonana. Alisimama mahali pa watahiniwa, akaulizwa swali lilelile, kuishi au kuondoka, akajibu leave. Aliivuta irabu mpaka mwisho wa pumzi, midomo imekazwa, meno yanaonekana, kama alivyofundishwa. Hata Mwingereza aliyezaliwa na Mwingereza asingeitia kasoro ile.

"Live," Dakta alisema, akitabasamu. "Safi kabisa. Umefaulu tena."

"Mheshimiwa, nimesema leave. Nataka kuondoka."

"Live. Tumesikia." Aligeukia wenzake. "Mmesikia?"

"Tumesikia, mheshimiwa," katibu alisema. Mjumbe wa wizara alitikisa kichwa kukubali.

Kidawa akasema tena, safari hii fupi. Dakta akasema ndiyo, ni hilohilo. Akasema ndefu. Ndiyo, hilohilo. Akayaweka mawili sambamba, fupi na ndefu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mkono wa kulia na wa kushoto.

"Mwalimu," Dakta alisema, na safari hii upole ulikuwa umepungua, "unarudia neno moja mara zote hizi. Nitafikiri unanitania."

Hapo ndipo alipoelewa. Alikaa kwenye benchi bila kuambiwa akae. Mtu huyu alikuwa na irabu tano. Katibu wake tano. Mjumbe wa wizara, tano. Pengine katika ofisi zote za nchi, mpaka juu kabisa, hapakuwa na mtu mwenye ya sita.

"Sasa mnajuaje?" aliuliza taratibu. "Nani amefaulu, nani ameondoka. Mnajuaje?"

Dakta Tindo alionekana kushangaa kwamba mwalimu mzima anauliza jambo kama hilo.

"Wizara hutuletea kiwango. Watu wote wakifaulu itasemwa mtihani ni rahisi, na wafadhili hawapendi. Wa asubuhi kwa kawaida tunawapitisha. Alasiri tunaangalia pengo lililobaki." Alifunga faili. "Ni kazi ngumu. Mtu unachoka."

Shomvi, aliyekuwa amesimama hatua moja kutoka mezani, alisikia yote. Walitoka nje mpaka kwenye ngazi. Hapo Shomvi alisema kwa ile sauti yake iliyobaki:

"Muda wote huu nimekuwa nikilitafuta kosa langu mdomoni."

Kidawa alimshika mkono.

*

Njia ya nyumbani ilipita katikati ya soko. Ilikuwa siku ya gulio, watu wamejaa. Walimwona Mwalimu Kidawa akija, mkono mmoja umeinuliwa kidogo pembeni, kama ameshika kitu. Walimpisha yeye peke yake, hivyo Shomvi akawa anapigwa vikumbo na mabega na matenga, bila kusema kitu, mpaka mkono wake ukakaribia kuchomoka katika wa mkewe.

Kidawa alisimama mbele ya muuza nyanya.

"Huyu ni Shomvi," alisema. "Mume wangu. Shomvi bin Makungu, mshona magodoro. Godoro unalolalia ni la kwake."

Muuza nyanya alitazama chini. Soko likatulia pale karibu, kisha utulivu ukaenea mpaka kwa wachinja kuku. Kidawa alilitaja tena lile jina, polepole, kama darasani. Halikuwa na irabu ngumu. O na i, za nyumbani, mtoto wa miaka miwili angeziweza.

Askari wa soko alikuja, akaitia filimbi mdomoni. Akabaki nayo hivyo. Kisha akaitoa, akaipangusa kwenye suruali, na akasema, bila kumtazama mtu yeyote: "Mwanajuma."

"Naam," mwanamke aliitika kutoka nyuma ya magunia ya mkaa, ambako hapakuwa na mtu.

Ndipo majina yakaanza. Mtu alisema jina la aliyempoteza huku, mwingine kule. Hakuna aliyepiga kelele. Waliita kama watu wanavyoita mlangoni wasijue mwenye nyumba amelala au hayupo. Na kwenye vichochoro, chini ya meza za samaki wakavu, kwenye ngazi za msikiti, watu waliitika, wakaonekana, wamekonda, nguo zimewachakaa, wakijipapasa nyuso. Muuza nyanya aliinua macho, akamwangalia Shomvi kwa muda mrefu.

"Kaka Shomvi," alisema. "Una sufi kichwani."

Kidawa alikuwa akilia wakati alipomwona Mama Sikitu. Alikuwa amesimama nyuma ya karai lake la vitumbua, mwiko mkononi, midomo inacheza. Alitafuta neno muda mrefu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kukumbuka alichotumwa dukani.

"Farijala," alisema.

Kidawa alikuwa amemfundisha Farijala. Alimshika kidevu. Mtoto mweusi tii, mwenye pengo la jino la mbele, aliyekaa dawati la kwanza, mtoto pekee wa Mama Sikitu. Tangu lini hakuwepo darasani, na tangu lini yeye, mwalimu wake, hakuwahi kujiuliza.

"Farijala," Mama Sikitu aliita tena, sasa kwa nguvu kidogo.

Watu walinyamaza ili mtoto akiitika asikike. Mafuta ya vitumbua yalikuwa yakiungua na hakuna aliyeyaepua. Mama Sikitu aliweka mwiko chini, akapita katikati ya watu, akachungulia chini ya meza moja, kisha ya pili, akiita.

Kidawa aliuachia mkono wa Shomvi, akaanza kuita naye.